Jina la Lautan Kwenye Kadi

Jumanne, 1 Magh

Maghi. Mwaka mpya wetu Watharu. Nimeoga mtoni alfajiri, maji yanauma! Nikapiga ukelele, binti yangu Asmani akanicheka — mama, miaka arobaini na sita na bado unaogopa maji? Nikamrushia kofi la maji usoni. Mtu mwenyewe anaolewa mwezi ujao, adabu hana.

Ukungu mpaka karibu saa tano. Tumeota moto uani. Mama mkwe kapika dhikri, madonge ya unga wa mchele, kayapika kwa mvuke kama apendavyo mwenyewe, laini. Akagawa sahani nne. Yake, yangu, ya Asmani. Ya nne akaifunika kwa jani na kuiweka juu ya lile pipa letu la udongo la mpunga, kama kila mwaka. Haikupita hata saa akaanza wimbo wake: mwaka huu tumzike mwanangu. Tufunge sanamu ya kushi, yale majani ya ibada, badala ya mwili, tuichome kando ya mto, yaishe, nami nife kwa amani.

Nikamwambia, mama, unamzika mtu huku unamfunikia chakula?

Akasema hicho ni cha panya.

Miaka ishirini na mitatu tunagombana hivi. Leo ni siku ya kila nyumba kukaa na kupanga mambo ya mwaka, basi tukapanga harusi, 5 Fagun. La mume wangu tukaliacha palepale lilipo.

Daftari hili nilipewa na chama cha familia za waliopotezwa, walipotufundisha kusoma. Mwalimu alisema mwandikieni huyo aliyepotea, roho itapoa. Mimi simwandikii. Akitaka habari aje.


Ijumaa, 4 Magh

Sabitra kapiga simu kutoka Kathmandu. Yeye ndiye katibu wa chama, baba yake alichukuliwa na jeshi wakati wa vita, mwaka uleule aliochukuliwa mume wangu Lautan. Dada Phulkali, kaa chini kwanza! Waziri amekubali kutuona. Tarehe 14. Watu kumi, na kutoka Bardiya ni wewe.

Mimi! Safari ya saa kumi na tano kwa basi! Nikauliza nivae nini. Akacheka.

Tutapeleka karatasi za vidole gumba. Wilaya yetu peke yake ni vidole mia tatu na kumi na viwili, vingine vya wazee walioshakufa wakisubiri. Tunaomba kitu kimoja: serikali iuridhie ule mkataba wa dunia wa watu kutopotezwa. Nchi nyingine zimeuridhia. Yetu inasema inautazama. Inautazama tangu Asmani hajaota meno ya utu uzima!

Kifungu cha ishirini na nne nakijua kwa moyo. Serikali itengeneze hali ya kisheria ya mtu aliyepotezwa, ambaye haijulikani yuko wapi. Sabitra alitueleza kwamba ng'ambo kuna nchi zinatoa cheti kabisa. Hakisemi hai, hakisemi maiti. Kina neno la tatu. Watoto wanarithi shamba kwa cheti hicho, mke anabaki mke.

Mimi nalitaka hilo neno. Basi. Sitaki hata sanamu ya kumbukumbu barabarani.


Jumapili, 6 Magh

Alikuja Mzee Chhotelal, babu yake Sagun, bwana harusi. Alikuwa mkuu wa kijiji chao miaka kumi, bado anaongea kama yuko mkutanoni. Nikampa samaki mkavu na pombe ya mchele, akala vizuri, akafuta masharubu, ndipo akalileta neno lake.

Mama Asmani, binti yako tunampenda. Ila mjane tunajua mahali pake harusini, na mke tunajua mahali pake. Wewe tukukalishe wapi?

Nikasema kwenye mkeka, kama watu.

Hakucheka. Akasema aliyekufa, nafasi yake hukaliwa na ndugu, ndugu humtoa binti, hakuna tatizo. Aliye hai hukaa mwenyewe. Nafasi isiyo ya hai wala ya maiti ni mkosi, na yeye hamwingizi mjukuu wake katika mkosi. Tufanye ile ibada ya sanamu kabla ya harusi. Mimi nivue bangili, niifute poda nyekundu ya utosini, alama ya mwenye mume, na mafuta ya manjano bibi harusi apakwe na mwanamke mwingine.

Sisi Watharu hatukuwa na mambo haya ya mjane kutogusa bibi harusi! Tumeyaazima kwa watu wa milimani kama tulivyoazima kadi za harusi. Nilitaka kumwambia. Nikamwongeza samaki.

Mama mkwe alikuwa akitikisa kichwa muda wote — ndiyo, ndiyo, mzee kasema kweli. Nimemnunia mpaka jioni.


Jumatano, 9 Magh

Tarehe yake.

Ukungu ulikuwa kama wa leo. Alikuwa akiwapa nyati majani. Shali yake ilikuwa imelowa, nimeifua mimi, basi akajifunga yangu — nyekundu, ya maua. Nikamwambia umependeza, utapata mchumba. Mbwa wakabweka njiani. Wanajeshi tisa. Walisema dakika tano tu, aje awaonyeshe kivuko. Akaondoka na shali yangu ya maua. Mmoja wao alicheka alipoiona, na Lautan naye akacheka.

Nilikuwa na mimba ya miezi miwili, baada ya kusubiri miaka saba ya ndoa. Alijua. Jina ni lake yeye: akiwa msichana aitwe Asmani, mbingu, maana tumechoka na ukungu.

Kambini waliniambia hawakumchukua mtu. Wilayani wakaniambia labda kaenda India kutafuta kazi. Amevaa shali ya mkewe!

Tangu siku hiyo mbwa wakibweka natazama njia. Niwe naosha vyombo, niwe naumwa. Shingo inageuka yenyewe.

Nampenda. Nimeandika sasa, na iwe hivyo.


Alhamisi, 10 Magh

Mjini Gulariya, kuagiza kadi za harusi. Mimi na Asmani. Tulipitia kwanza ofisi ya kata kuomba barua ya undugu kwa ajili ya kusajili ndoa. Karani kijana, mpole. Fomu ina visanduku viwili, baba yu hai, baba amefariki. Nikamwomba aache vyote wazi. Akasema mama, kompyuta haikubali. Akanipa kiti, akanipa na chai, akajaribu mara tatu mbele ya macho yangu. Haikubali kweli.

Kisha kwa Bwana Riyasat, mpiga chapa. Kadi nzuri mno! Nyekundu, tausi wawili wa dhahabu. Mia mbili. Akauliza jina la baba. Lautan Tharu. Kalamu ikasimama hewani. Mbele yake niweke nini, mama? Nina Marehemu na nina Bwana. Nikamwuliza, la tatu huna? Akafikiri kweli, mtu mwema yule. Akasema la tatu sina.

Weka jina tupu, nikamwambia. Akaandika.

Njiani Asmani alinishika mkono kama mtoto. Akasema mama, mimi sijamwona hata siku moja. Wewe ndiye unayemjua. Ukisema amekufa nitalia, ukisema yupo nitamtandikia mkeka. Ila usiseme kwa sababu ya babu yake Sagun.

Huyu mtoto.


Jumamosi, 12 Magh

Waziri ana safari. Tarehe 14 haipo tena. Ni 22. Nilishaazima begi.


Jumanne, 15 Magh

Redioni kazungumza bwana mmoja wa wizara. Sauti nzuri, ya kulala usingizi. Nchi yetu inaheshimu haki za binadamu kikamilifu. Mkataba ni jambo la kujiandaa. Hatuwezi kuridhia kitu kabla hatujawa tayari kukitekeleza.

Mimi niliolewa na miaka kumi na sita. Nani aliniuliza kama niko tayari? Nikatekeleza!

Mama mkwe akauliza huyo anasema nini. Nikamwambia anasema subirini. Akasema kwani yeye ana mtoto? Akaizima redio kwa ncha ya fimbo.


Alhamisi, 17 Magh

Kadi zimefika.

Asmani alifungua bahasha uani, kwenye jua. Akaigeuza kadi kunielekea. Nikajua. Binti wa Marehemu Lautan Tharu. Dhahabu, herufi za kupendeza. Mia mbili!

Nikampigia Bwana Riyasat. Masikini, alidhani ametenda wema. Kasema, mama, jina la mzee tupu ni kukosa heshima. Nikaona mwanaume hakuja kuagiza, umekuja wewe, nikadhani kinywa chako kimeshindwa kulitamka, nikakusaidia. Aliomba radhi mpaka nikamwonea huruma. Angechapa upya bila kudai chochote, lakini kadi za tausi zimekwisha, msimu wa harusi, mpya zinatoka India mwisho wa mwezi.

Nilikaa chini. Nilijisemea, basi. Karani hana kisanduku cha tatu, mpiga chapa hana neno, wizara inajiandaa. Pengine wenye akili ni wao na mimi ndiye kichaa.

Mama mkwe hajui kusoma. Akasema nionyesheni jina la mwanangu liko wapi. Asmani akamshika kidole, akakiweka. Bibi akalipapasa jina, lile la dhahabu, mara mbili tatu. Na hiki kilicho mbele yake ni nini? Asmani akamwambia.

Sijawahi kumwona vile! Alisimama bila fimbo. Nani kamwambia? Kamzaa yeye? Mimi ndiye mama yake na sijasema bado!

Nikasema, mama, si wewe unayetaka kumzika kila Maghi?

Nataka, akasema. Nataka ni mimi. Si yeye na mashine yake.

Akaingia jikoni akarudi na kibakuli cha manjano, ya kupaka pembe za kadi kwa baraka kama ilivyo desturi. Akachovya kidole gumba. Pap! Juu ya lile neno. Likafunikwa lote. Akaipeperusha kadi ikauke, akachukua ya pili.

Tulikaa hapo watatu mpaka jua likaenda nyuma ya mti wa simali. Kadi mia mbili, vidole vyetu vya njano. Asmani akasema tunafanana na ile barua ya Kathmandu, vidole tu. Nikasema hii itasomwa lakini. Tukacheka, bibi kacheka mpaka kikohozi.


Jumapili, 20 Magh

Kadi zimesambazwa. Mzee Chhotelal kaipokea yake, kaikwaruza manjano kwa ukucha! Ameagiza mtu aje aseme: msafara wa harusi utakuja siku iliyopangwa, lakini atauliza swali lake, baba wa bibi harusi yu hai au amekufa, uani kwangu, mbele ya watu. Akikosa jibu atageuza msafara, ngoma na wapigaji wake.

Sagun kampigia Asmani. Babu ni babu, kasema, nitafanyaje. Asmani hakulia. Kaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.


Jumanne, 22 Magh

Wametupiga kalenda tena. Sabitra ana aibu kama ni yeye waziri. Tarehe mpya ni 5 Fagun, saa tano. Siku ya harusi! Nilicheka kwenye simu mpaka akadhani nalia.

Nenda wewe, nikamwambia. Vidole vyetu unavyo. Na nimekutumia kadi mbili kwa basi, moja yako, moja ya waziri. Mwambie amealikwa.


Ijumaa, 25 Magh

Leo nimefanya jambo.

Nilichukua mundu nikaenda mtoni peke yangu, nikakata kushi. Mzigo mzima. Nilisema basi, tumchome. Mtu wa majani, jina lake, moshi, tumalize. Asmani aende kwa mumewe na mguu mwepesi. Ninashikilia nini? Nimekaa naye miaka saba, nimekaa bila yeye ishirini na mitatu. Hata sauti yake siku hizi naitafuta. Kicheko ninacho, sauti sina.

Majani yale ni makali, yamenikata viganja. Nikayaficha nyuma ya pipa la mpunga. Sijamwambia mtu.


Jumapili, 27 Magh

Kayaona! Hakuna kinachofichika kwa yule bibi, jicho moja lina ukungu na lingine linatosha.

Nimerudi kutoka shambani namkuta uani, majani yamelowekwa, anasuka. Nikadhani anafunga sanamu. Nikasema mama, subiri kwanza, sijaamua — Akasema nyamaza nishikie huku mwisho.

Ni mkeka. Mkeka wa kukalia wa kushi, wa ibada, mtu mmoja.

Kasuka mpaka jioni. Mimi nimeshika mwisho. Hatukusemezana ila tu vuta, legeza, vuta. Alipomaliza akaukung'uta, akaukalia kuujaribu. Akasema huu ni wa baba wa bibi harusi. Kuoza utaoza. Ila kwanza ukaliwe, au usikaliwe, watu wauone.

Nimempaka samli miguuni leo, bila kuombwa. Ana nyayo ndogo kama za Asmani. Sikuwahi kuliona hilo.


Jumatano, 30 Magh

Kazi tu. Mchele, nguruwe, majani ya kushonea sahani. Mgongo!


Jumatatu, 5 Fagun

Naandika chumba cha ndani, nyuma ya pipa. Nimeambiwa nisubiri humu kidogo, mpaka wajue wanikalishe wapi. Kidogo yenyewe ni tangu adhuhuri. Bakuli la mafuta na manjano liko magotini kwangu, sikumpa mtu. Nimevaa bangili zote. Nyekundu iko utosini, nimeweka nyingi kuliko kawaida.

Asubuhi Asmani alinipigia magoti nikamchana nywele. Nikataka kumpa mausia, nikarudia kuchana palepale. Akasema mama, nimeyasikia. Mtoto wangu mzuri!

Ujumbe wa Sabitra umeingia sasa hivi. Waziri hakuwapo. Wamepokewa na msaidizi wake, biskuti na chai. Suala la mkataba linaendelea kuchunguzwa, mtaarifiwa. Kadi ya Asmani imepigwa muhuri IMEPOKELEWA, imepewa namba ya jalada. Barua yetu wamesema irudi, pembezoni hapakuachwa nafasi ya kutosha.

Ngoma zimefika. Kuna tundu ukutani la kupitisha moshi, naona nusu ya ua. Namwona Sagun, kilemba kimemzidi kichwa. Asmani ameketi, uso chini. Pembeni yake mkeka wa kushi, mtupu, kijani bado. Mama mkwe amekaa kando yake na fimbo.

Mzee Chhotelal ameinua mkono. Ngoma zimenyamaza.

Anauliza mkeka huu wa nani.

Wa mwanangu, mama mkwe anasema.

Mwanao yuko wapi?

Amechelewa.

Kasema hivyo hivyo! Kama mtu aliyetumwa dukani! Mtu mmoja kakohoa. Mzee anasema, bibi, miaka ishirini na mitatu. Naye anamjibu, ndiyo, amechelewa sana, nitamgombeza mwenyewe, wewe kaa ule.

Hakai. Haondoki pia. Amesimama katikati ya ua wangu, fimbo mkononi, wapigaji ngoma wanamtazama yeye. Sagun anashikilia kilemba chake. Asmani ameinua uso. Ananiita. Mama, lete mafuta! Kwa sauti, mbele yao wote. Mama!

Nikitoka nitatoka na nyekundu yangu. Mikono imejaa manjano, daftari lote limechafuka. Anaita tena.

Mbwa! Mbwa wanabweka huko njiani —

Wote wamegeuka. Wapigaji ngoma, Sagun, mama mkwe na jicho lake moja. Na Mzee Chhotelal naye, kanyoosha shingo, anatazama njia.